Bibi Harusi Akae Wapi

Mwanangu alijifunza kusimama kwa kushika mguu wa kiti cha saluni. Nalitanguliza hilo kwa sababu kwao mume wangu kuna hadithi nyingine inayosimuliwa, kwamba nilivunja biashara ya watu kwa wivu na mdomo. Mdomo ninao. Wivu wa nini? Wa gari?

Wakati huo tulikaa China, Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya sita, hakuna lifti. Waswahili tulikuwa wachache, hata ukisikia mtu anagombana kwa Kiswahili kule chini unafungua dirisha ujue ni nani. Uwanja wa ndege ulikuwa pua na mdomo na sisi. Ndege ikipita juu ya paa vikombe vinalia kabatini, na mimi nanyamaza, naingoja ipite, halafu naendelea na ugomvi pale pale nilipouachia.

Ugomvi haukukosekana. Mume wangu alikuwa wakala. Wafanyabiashara wanatoka Dar, Zanzibar, Mwanza, yeye anawapokea, anawazungusha madukani na viwandani, anawapakilia kontena. Hivyo ndivyo alivyojieleza. Asichowaeleza ni kwamba Kichina chake kilikuwa maneno mawili na kalkuleta. Alijua "laoban", yaani bosi, na alijua "mei you", yaani hakuna. Mengine yote nilisema mimi. Nilikiokota Kichina ngazini kwa majirani na sokoni kwenye mboga, kwanza na mimba, kisha na mtoto mgongoni, mimi niliyeishia kidato cha nne. Mteja akitaka zipu ibadilishwe, nabishana mimi. Mzigo ukija na kasoro, nafoka mimi. Jioni wateja wanakuja kula wali na samaki niliopika mimi, na mume wangu anawaambia, "Huku bila uzoefu huwezi." Wanaitikia, "Kweli, kaka, kweli."

Sikufanya bure. Tulikuwa na mapatano, tena ya mbele ya dada yangu, kabla sijapanda ndege kumfuata. Nimsaidie mpaka kontena la mwisho wa mwaka, na kwenye kontena hilo sehemu yetu yote iwe yangu. Kontena lenyewe lilikuwa la kuchangia: nusu yetu, nusu ya watu wawili wengine, Mzanzibari mmoja wa vyombo vya jikoni na mama mmoja wa Mwanza wa mabegi ya shule. Mimi nilikuwa natia saluni. Viti vya kuinuka na kushuka, masinki ya kuoshea nywele, drayer za kofia za kukaushia nywele, vioo, rola, kila kitu. Nilipomaliza shule nilikuwa naosha vichwa kwenye saluni ya mtu Magomeni. Nasimama kutwa, maji yananiingia mpaka kwenye viatu, na mwenye saluni anamwambia mteja, "Huyu mtoto nimemfundisha mimi." Nikaapa nitafungua yangu. Dada alikuwa ameshanishikia fremu ya duka Kinondoni. Nikirudi na vitu vyangu, nina pa kwenda asubuhi. Nikirudi bila vitu, narudi chumba cha uani kwa mama mkwe, kumenya vitunguu vya ukoo mzima na kuulizwa China niliendea nini.

Kwa hiyo tuliishi ndani ya saluni ambayo haijafunguliwa. Maboksi mpaka dari. Chumba kimoja, njia ya kupita upana wa mtu mmoja kiubavu. Mtoto nilimwogesha kwenye sinki la kuoshea nywele, shingo yake inakaa pale kwenye mkato kama mteja amekuja kuweka dawa ya nywele. Kiti kimoja nilikifungua kwa sababu sikuwa na pa kukaa nikinyonyesha, na ndicho alichokishika siku ile akasimama, akaniangalia kama ananiambia, haya, na wewe simama.

Halafu akaja shemeji.

Kaka mkubwa wa mume wangu, mwili mkubwa, sauti kubwa, manukato yanatangulia dakika nzima kabla yake. Dar alikuwa na biashara ya harusi: anakodisha viti, maturubai, muziki, watu wa tarumbeta, na magari ya maharusi. Alikuja kwa ajili ya maonyesho ya bidhaa ya Oktoba. Badala ya kununua mapambo aliyoyafuata, akarudi na picha moja, akaiweka juu ya boksi la drayer zangu.

"Shem, hebu njoo uone mali."

"Mali ya nani?"

"Yetu."

"Yetu mimi na nani?"

Alikuwa anaipangusa ile picha kwa kidole kama ina vumbi. Gari. Jekundu, la umbo la kizamani, la enzi za babu wa babu yangu, ila limefanyiwa mambo. Boneti haina ubavu, injini inang'aa nje kama matumbo ya ng'ombe buchani. Matairi ya nyuma mapana, ya mbele membamba. Hakuna bampa. Paa limekatwa likashushwa, madirisha yamebaki kama macho ya mtu mwenye usingizi. Ubavuni limechorwa ndimi za moto.

"Kwa Kiingereza linaitwa street rod," shemeji alisema, na akalitamka hivyo kama jina la nabii. "Wamarekani wanalichukua gari la kale, wanalivua, wanalijenga upya kwa mkono. La peke yake, shem. Hili hata ukizunguka dunia nzima hulikuti pacha wake. Sasa fikiria linapinda kona pale Magomeni, limefungwa maua, tarumbeta nyuma. Watu wataacha msiba wakimbilie harusi!"

"Litakwenda na nini?"

"Na kontena."

"Kontena gani?"

Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anakwaruza chokaa ukutani kwa ukucha.

"Linakula nusu," mume wangu akasema, akiuambia ukuta. "Vitu vyako vitapanda lijalo."

"Lijalo la lini?"

"Likipatikana."

"Viti havina haraka, shem," shemeji akadakia. "Tena hawa watu wako wa kusuka hawaishi. Nywele zinaota kila siku." Akacheka. Mume wangu naye akacheka, kidogo, kile kicheko cha mdogo mtu.

Ndege ikapita. Nikaingoja.

"Kesho twende wote," mume wangu akasema ilipopita. "Utatusemea bei."

"Yaani mimi ndiye nikalinunue gari la kunitoa kwenye kontena langu."

"Usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Watu huniuliza kwa nini nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu wangekwenda bila mimi, na kalkuleta yao, na wangerudi nalo. Na nilitaka kulitazama usoni.

Tulikodi kigari, kile ambacho Wachina hukiita gari la mkate kwa sababu ya umbo lake, tukaenda huko pembeni mwa wilaya ya Baiyun, kwenye mabwawa ya samaki na mashamba ya mboga. Shemeji alikaa mbele. Sisi nyuma. Njia nzima alizungumzia harusi ya kwanza atakayolipeleka, mkuu gani atamwalika, picha itakayotoka gazetini. Mimi mtoto alikuwa mgongoni amelala, na sikusema neno. Mume wangu alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho. Nikinyamaza huwa anaogopa zaidi.

Karakana ilikuwa nyumba ya mtu. Mwenyewe, yule laoban, alikuwa mwembamba, mikono myeusi kwa grisi, kaptura na ndala. Nje alikuwa na pikipiki zilizofumuliwa na lori moja la mchanga. Lakini gari hakuliweka nje. Alituingiza ndani, chumba cha chini, pale mtu yeyote mwenye akili angeweka meza na televisheni, akavuta turubai.

Sitadanganya. Lilikuwa zuri. Lilijaa chumba kizima kutoka ukuta mpaka ukuta, na ule wekundu ulikuwa na kina, unajiona humo kama kwenye maji. Shemeji alisema "Subhanallah" kwa sauti ya chini, na ndiyo mara ya pekee niliyomsikia anasema kitu kwa sauti ya chini.

Laoban akaeleza. Lilijengwa kwa oda ya mtu wa Hong Kong. Mtu huyo ndiye aliyeleta bodi kuukuu kwa meli, na picha za kufuatisha, injini ni ya Kijapani, mpya, viti ngozi. Halafu uchumi wa huko ukaanguka, mwenye oda akakata simu, hakuonekana tena. Na kwa kuwa Hong Kong wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani uko kulia, hapa Guangzhou hakuna wa kulitaka.

Nikatafsiri. Neno kwa neno. Huko nyumbani wanasema nilipindisha maneno. Sikupindisha hata moja. Kama ningetaka kupindisha ningesema limepigwa marufuku, au limemuua mtu. Nilisema usukani uko kulia, na shemeji akapiga makofi.

"Kulia! Kama kwetu! Unaona, mdogo wangu? Mungu akikuandikia!"

"Tai gui," nikamwambia laoban alipotaja bei, yaani ghali mno, kwa sababu ndiyo kazi niliyoitiwa. Akashusha. Nikasema tena. Akashusha tena, haraka kuliko nilivyotaka. Mtu anayeshusha bei hivyo anataka kitu kitoke.

Aliyetaka kitoke alikuwa mkewe.

Alishuka ngazi na bakuli mkononi, mwanamke wa umri wangu au kunizidi kidogo, na mtoto wake wa kiume anamfuata ameshika suruali yake. Hakunisalimia. Alinizunguka, akaenda mgongoni kwangu, akashika miguu ya mwanangu.

"Mtoto ana baridi," akasema.

"Hana baridi."

"Miguu iko wazi. Ana baridi."

Mwenyewe amevaa blauzi ya mikono mifupi, jasho limemlowanisha kwapa. Guangzhou nzima ilikuwa hivi. Kila mwanamke barabarani, kila bibi kwenye duka la mchele, wote wakiona mguu wa mwanangu ni kesi. Niliwahi kufuatwa mpaka sokoni na bibi mmoja ananifokea. Mimi nimekulia Dar, joto la Dar, mtoto nimvalishe soksi nimpike? Huyu hakungoja jibu. Alipanda juu, akashuka na soksi nyekundu za sufu, akamvalisha mwanangu akiwa bado mgongoni kwangu, na mwanangu, mnafiki, akamchekea.

Halafu akanivuta kando, karibu na ngazi.

"Mumeo tajiri?"

"Hapana."

"Yule mkubwa je?"

"Anasema."

"Mwambie alichukue." Akaonyesha ngazi, na nikaona ngazi zilivyokaa: bakuli kwenye kila kidato, sufuria ya wali kidato cha tatu, vijiti ndani ya kikombe. "Hapa palikuwa na meza yangu. Tangu hiki kitu kiingie tunakula ngazini. Mama mkwe wangu hawezi kushuka, anapita kiubavu, anasema mimi ndiye nimeruhusu. Mwambie alichukue leo."

Nilimwelewa kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Mimi mwenyewe nilikuwa napita kiubavu kwangu. Na ndiyo maana nilimchukia. Kila kipande cha lile gari kitakachotoka kwenye sebule yake kinaingia kwenye kontena langu. Yeye arudishiwe meza, mimi nirudishwe uani kwa vitunguu. Asingejali, na mimi nisingejali kama ningekuwa yeye. Tulitazamana hivyo, soksi zake ziko kwenye miguu ya mwanangu.

Nyuma yetu shemeji alikuwa anapiga picha. Mume wangu amekunja mikono kama mtu mwenye mali. Laoban anapangusa taa.

Mkewe akaona sijalainika, akajaribu upande mwingine. Mumewe alikuwa amemwambia ni gari la harusi. Akatabasamu, akauliza kwa sauti ya kirafiki, "Kwenu bibi harusi hukaa mbele au nyuma?"

"Nyuma," nikasema. "Katikati, bwana harusi huku, mpambe wake huku..."

Nikaishia hapo.

Nikaligeukia lile gari. Nikalitazama vizuri, kwa mara ya kwanza, si rangi, si moto wa ubavuni. Nikasogea mpaka dirishani, nikainama, nikachungulia ndani ya lile jicho lenye usingizi. Viti viwili. Nyuma ya viti viwili, ukuta. Nyuma ya ukuta, buti, na ndani ya buti, laoban alikuwa ameshatuonyesha kwa fahari, tangi la mafuta na spika.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza nilivyojisikia. Nilisikia kucheka kunapanda kutoka magotini.

Maana hawa walikuwa wanaume wawili wa Dar es Salaam, mmoja riziki yake ni harusi, na hakuna aliyeona. Na ukifikiri, wataonaje? Siku ya harusi mwanaume anatazama boneti, maua yamekaaje, dereva kapiga pasi, tarumbeta wamefika. Yeye yuko nyuma kwenye pikapu anapunga kitambaa. Ndani ya gari, nani kamkalia nani shela, nani kashika mkoba wa poda, hayo ni ya wanawake.

"Shemeji," nikasema. "Kabla hujampa mkono, tufanye harusi."

"Harusi gani tena?"

"Ya kujaribu. Wewe ndiye muuzaji wa harusi. Utanunua kiatu bila kukivaa? Haya, wewe dereva. Ingia."

Laoban akafurahi, akamfungulia mlango. Shemeji akaingia, kwa kweli alimiminwa, tumbo likaenda kuuegemea usukani, kichwa kikagusa dari akakiinamisha.

"Baba, wewe bwana harusi. Ingia."

Mume wangu akaanza kushtuka. Ananijua. Lakini kaka yake alikuwa ameshaingia, basi naye akazunguka upande wa pili akakaa, akafunga mlango.

Nikasimama dirishani, mtoto mgongoni, soksi nyekundu zinaning'inia.

"Haya. Mimi bibi harusi. Nikae wapi?"

Wakatazama mbele wote wawili.

"Nauliza. Nimeshatoka kwetu, vigelegele vimepigwa, mama yangu analia mlangoni. Nikae wapi?"

"Mapajani," shemeji akasema, akajaribu kucheka.

"Mbele ya baba yangu?"

Mume wangu akasema kwa meno, "Acha."

"Siachi. Na mpambe wangu je? Nani atashika shela? Nani atanifuta jasho? Mama yangu anitoe mimi peke yangu, ndani ya kopo na wanaume wawili, kama nimekamatwa? Na mpambe wako wewe?"

"Wapambe watafuata na gari la nyuma," shemeji akasema.

"Wafuate nyuma kama maboksi. Shemeji, umepeleka harusi ngapi wewe? Umewahi kuona mpambe ameachwa nyuma akasamehe? Atamwimbia bibi harusi hilo mpaka apate wajukuu."

"Basi bwana harusi ataendesha mwenyewe! Kisasa!"

"Bwana harusi wa Dar aendeshe mwenyewe siku ya harusi yake. Watu watasema nini? Watasema hata dereva amekosa. Watasema amekuja kuiba mke."

Akataka kutoka anijibu vizuri, hakuweza. Usukani ulikuwa umemshika. Alitapatapa, honi ikalia, mtoto wa laoban akapiga kelele za furaha. Mwanangu naye akapiga kelele. Laoban akaniuliza nini kinaendelea, nikamwambia kwa Kichina ile ile kweli: kwetu gari la harusi linakaa watu watano, na hili ni la watu wawili. Akafikiri kidogo. Akasema hiyo si shida, anaweza kulikata katikati akalirefusha, akatia kiti cha nyuma, akapandisha paa. Likamilike baada ya sikukuu yao ya mwaka mpya.

Nikatafsiri hilo pia. Neno kwa neno.

"Si umeona!" shemeji akasema. Alikuwa ametoka sasa, shati limechomoka kwenye suruali. "Mtaalamu huyu! Alirefushe!"

"Kontena linaondoka wiki ijayo," mume wangu akasema.

"Lingoje."

"Haliwezi kungoja, kaka. Nusu ni ya watu. Yule mama wa Mwanza mabegi yake ya shule, shule zikifunguliwa yawe yamefika. Hatanielewa."

"Basi nusu yetu ingoje."

"Nusu ya kontena haiwezi kungoja, kaka."

Aliisema polepole, kama anamwambia mtoto, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa sababu mkubwa alisikia ile sauti. Hakuweza kumgeukia mdogo wake mbele ya Mchina. Akanigeukia mimi.

"Wewe mwanamke umeshapanga na huyu Mchina. Tangu tumeingia unazungumza naye, nani anajua mnasema nini? Na mkewe mnanong'onezana pale ngazini, nimekuona. Umemwambia aseme halitoshi."

"Halikutoshi wewe mwenyewe, sijamwambia mimi. Tumbo lako lina mkalimani?"

"Mdomo!" mume wangu akasema.

"Haya, mzungumzishe mwenyewe. Huyo hapo."

Akamzungumzisha. Kwa Kiingereza, kwa sauti ya mnada, akionyesha vidole vitano, kisha viwili, kisha gari. Laoban akaangalia vidole akadhani ni bei mpya, akatikisa kichwa, akasema, "Mei you, mei you." Hilo neno shemeji alilijua. Kila mtu aliyekaa Guangzhou siku mbili alilijua.

Akavuta pumzi. Akaishusha. Akamwambia mume wangu, sio mimi, lakini ananitazama mimi: "Mke wa namna hii dawa yake ni kuongezewa mwenzake." Akatoka nje kwenye jua.

Mume wangu akamfuata.

Laoban akaokota turubai. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, nadhani hatukuwa wa kwanza. Mkewe ndiye aliyekuja. Alikuja moja kwa moja nyuma yangu, sikumwona, nilimsikia. Akashika mguu wa kwanza wa mwanangu, akavuta soksi. Akashika wa pili, akavuta. Akazikunja pamoja vizuri, moja ndani ya nyingine, akazitia mfukoni, akaenda kukaa kwenye ngazi yake.

Mwanangu akalia njia nzima. Si kwa baridi.

Kwenye kigari shemeji alikaa mbele tena. Tukafika chini ya nyumba. Pale mume wangu akaniambia, huku anamlipa dereva, "Umenifanya niwe mjinga mbele ya kaka yangu."

"Mimi niliuliza nikae wapi. Ulikuwa na nafasi ya kujibu."

"Ungeniambia pembeni. Taratibu. Mke anamwambia mumewe pembeni."

"Ningekuambia pembeni ungesema usianze."

Akapokea chenji, akaihesabu. Halafu akasema lile ambalo alikuwa amelishika tangu karakana: "Viti vyako vitapanda. Na wewe panda. Sitaki kuishi na mtu anayenicheka."

Nataka kuandika kwamba moyo uliruka kwa furaha. Haukuruka. Nilisimama pale na mtoto aliyevimba macho, naangalia mlango wa kwangu ambao si kwangu, na nilikuwa nimeshinda na nimefukuzwa kwa pumzi moja. Nikamwambia, "Nunua tiketi." Nikapanda ghorofa sita.

Alisimamia upakiaji mwenyewe. Hilo nampa. Alivifunga viti kwa makatoni na kamba, akaweka vioo katikati ya masinki visivunjike, na kile kiti kilichofunguliwa akakitia mwisho kabisa, karibu na mlango. Hatukusemezana. Mzanzibari wa vyombo alitaka kuegemeza masufuria yake juu ya drayer, mume wangu akamwambia, "Hapo hapana. Hiyo ni ya mke wangu." Nilisikia. Sikugeuka.

Kimoja tu kilivunjika, kioo kidogo.

Sasa niko Kinondoni. Fremu ni nyembamba, umeme unakatika, mfanyakazi wangu ni mvivu na ninamfokea, lakini mlango nafungua mimi na nafunga mimi. Mwanangu anakimbia kati ya viti anang'oa rola. Maharusi wanakuja Jumamosi. Gari linasimama nje na riboni zake, gari la kawaida tu jeupe, la milango minne, na wanaingia humo wote watano na shela, na mara nyingine ni gari la shemeji. Yeye hashuki. Anapiga honi mara moja, anatazama mbele.

Mume wangu hupiga simu duka la jirani, wananiita, nakimbia na mikono ina dawa. Anauliza mtoto. Anauliza mvua. Hajawahi kuuliza saluni. Mara ya mwisho nilisikia ndege inapita upande wake, tukaingoja wote wawili kwa mazoea. Ilipopita akaniambia amepita kule karakana kufuata kitu. Gari bado liko pale pale sebuleni. Laoban ameshusha bei tena, karibu analitoa bure.

"Na mkewe?" nikauliza.

"Mkewe nini?"

"Bado anakula ngazini?"

"Nitajuaje mimi anakula wapi?"

Bila shaka. Atajuaje.

"Basi linunue," nikamwambia. "Kaka yako alisema niongezewe mwenzangu. Linunue, umwoe humo. Viti viwili vitawatosha."

Simu haikukatika, nilisikia anapumua. Mteja wangu alikuwa ameachwa na povu kichwani linaanza kumwingia machoni, ananiita kwa jina la mtoto. Nikaweka simu nikaenda kummwagia maji.